Mbona Hukupiga Kelele?

Hotuba hii niliitoa Uyole, Mbeya, mbele ya wazazi, walimu na viongozi wa mitaa, katika Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikaingiza na swali moja nililoulizwa nilipomaliza, pamoja na jibu nililolifikiria baadaye.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, walimu na viongozi wetu wa dini, shikamooni. Mabinti na vijana, hamjambo. Mvua zimeshaanza, na najua kila aliyekaa kwenye mabenchi haya ameacha mbegu ndani na jembe mlangoni. Ndaga fijo kwa kuja. Nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31. Asubuhi ninazozikumbuka ni nyingi, lakini iko moja ambayo hainitoki. Nilikuwa zamu katika kituo kimoja cha afya, sitakitaja, na kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba mnayoijua. Akaletwa binti wa miaka 16 aliyebakwa. Amekuja na mama yake na baba yake mkubwa. Alivaa sweta ya shule, na mikono ya sweta alikuwa ameivuta hadi imefunika vidole, kisha ameuma ncha ya mkono mmoja kwa meno. Nikamwingiza chumbani, nikamkagua shingo, mikono, mgongo, mapaja. Hakuna mchubuko. Hakuna kucha iliyokatika. Nikainua macho, nikamuuliza, "Mbona hukupiga kelele?"

Akasema, "Sauti ilikataa, mama."

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilimsikia baba mkubwa akikohoa kule nje. Sisi tuliokulia huku tunakijua kikohozi cha namna ile. Kilikuwa kinasema: kumbe. Kilikuwa kinasema: basi alitaka. Siku ile ile wakarudi nyumbani, na baada ya wiki mbili nikasikia familia zimekaa, zimeyamaliza. Kesi ile haikufika polisi, na hakimu aliyeifuta alikuwa mimi, kwa swali moja, nikiwa nimevaa sare nyeupe.

Tangu hapo nilianza kusoma. Nilitaka kujua watafiti wanasema nini juu ya mwanamke anayeshambuliwa: akipambana inakuwaje, asipopambana inakuwaje, na kwa nini wengine hawapambani kabisa. Niliyoyakuta yamebadilisha namna ninavyowafundisha mabinti, na yamebadilisha zaidi namna ninavyowauliza.

Nianze na ushauri tuliopewa sote tukiwa wasichana. Ukikamatwa, tulia. Usimkasirishe, atakuua. Bora uzima. Ushauri huu haukuwa wa Mbeya peke yake. Hata Marekani, wanawake waliambiwa hivyo kwa miaka mingi na watu waliowatakia mema. Na ulikuwa na sababu: waliohesabu waliona kwamba wanawake waliopambana ndio waliotoka na majeraha zaidi. Ikaonekana wazi kwamba kupambana kunaleta kipigo.

Sasa sikilizeni kosa lilipokuwa. Ukienda Tukuyu mwezi wa nne ukasimama stendi, utawaona watu wenye miavuli, na wengi wao wamelowa. Utasema mwavuli ndio umewalowesha? Mvua ndiyo iliyotangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Sarah Ullman na mwenzake Raymond Knight walichukua kumbukumbu za kesi, wakafanya kazi ambayo wengi waliowatangulia hawakuifanya: kufuatilia nini kilitangulia nini. Mshambuliaji alifanya nini kwanza, mwanamke akajibu vipi, kisha yule akafanya nini. Wakakuta kwamba mara nyingi kipigo kilikuwa kimeshaanza, na mwanamke alipambana kwa sababu anapigwa. Ukipanga matukio kwa mfuatano wake, ile hofu kwamba ukijitetea utaumizwa zaidi inapungua sana.

Mwaka 2014 watafiti wengine wawili, Jongyeon Tark na Gary Kleck, walitumia takwimu za uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa Marekani, ule unaowauliza watu majumbani kama wamefanyiwa uhalifu, kuanzia mwaka 1992 hadi 2002. Nao wakafika hapohapo. Kujitetea kunapunguza sana uwezekano wa ubakaji kukamilika, na kwa sehemu kubwa hakuongezi majeraha makubwa juu ya yale ambayo mshambuliaji amekwisha kuyaleta.

Lakini kujitetea ni neno pana, na hapa naomba mabinti wasogeze masikio. Utafiti baada ya utafiti, kulia na kubembeleza hakukuonekana kumzuia mshambuliaji. "Kaka naomba uniache, tafadhali kaka, naumwa." Maneno haya tunayafundishwa kwa sababu ndiyo adabu. Mtu aliyeamua kukudhuru hayasikii. Kilichosaidia ni kufoka kwa sauti ya hasira, kukimbia, kusukuma, kupiga, kuuma. Na kilichosaidia zaidi ni kuvichanganya. Mwaka 1985 Pauline Bart na Patricia O'Brien walichapisha utafiti juu ya wanawake 94 wa Chicago walioshambuliwa, wengine wakabakwa na wengine wakaponyoka. Walioponyoka walikuwa na tabia moja: walitumia njia nyingi. Akifoka na hakuachwa, anapiga. Akipiga na kikapatikana kinafasi, anakimbia, tena huku anapiga yowe.

Mzee mmoja aliniuliza nilipomaliza, na swali lake lilikuwa la maana sana. Alisema: "Binti yangu nimemfundisha heshima. Ukimfundisha kufoka na kupiga, si umeniharibia mtoto?"

Mzee wangu, nimelifikiria swali hilo usiku mzima, kwa sababu ndipo jambo lote lilipo. Tukisema mbakaji, akili yetu inakwenda kwa mtu wa kichakani, mgeni, usiku, njia ya kwenda kisimani. Wapo wa aina hiyo. Lakini mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa hapa Tanzania juu ya ukatili dhidi ya watoto, matokeo yakatolewa mwaka 2011. Wasichana karibu 3 kati ya 10 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya miaka 18. Wavulana, 1 kati ya 7, na hao hatuwasemi kabisa, tunasubiri waoze kimyakimya. Mmoja wa watu waliotajwa mara nyingi sana kwenye majibu ya wasichana ni jirani. Jirani, jamani. Yule anayemwita mwanao aje achukue chenji ya sukari.

Sasa huyo mtoto tumemfundishaje? Akikutana na mtu mzima apige goti, ainamishe macho, aitikie "abee". Akiitwa aende. Akitumwa asiulize. Asimpandishie mkubwa sauti hata siku moja. Ni malezi mazuri, nami nimelelewa hivyo, nimelea hivyo. Ila hatujamwambia mahali heshima inapoishia. Hatujamwambia kwamba mkono wa baba mdogo ukifika pale, shikamoo imekwisha. Kwa hiyo siku hiyo ikifika, mtoto anatafuta neno la adabu la kumkatalia mtu anayemvua nguo, na neno hilo halipo katika lugha yetu wala ya mtu mwingine.

Hili nalo limechunguzwa. Kule Kanada, Charlene Senn na wenzake walitengeneza mafunzo ya saa 12, vikao vinne vya saa tatu tatu, kwa wasichana wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu. Walioshiriki utafiti walikuwa 893. Nusu wakapewa mafunzo, nusu wakapewa vipeperushi. Sehemu kubwa ya mafunzo ilihusu huyuhuyu mtu unayemfahamu: kuzitambua dalili mapema, na kuishinda ile aibu ya "nitaonekana sina adabu" inayomchelewesha msichana hadi mlango umeshafungwa. Kisha wakafundishwa kusema na kupiga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi la vipeperushi walikuwa asilimia 9.8. Katika kundi la mafunzo, asilimia 5.2. Majaribio ya kubaka nayo yalishuka, kutoka asilimia 9.3 hadi 3.4.

Nawaomba viongozi wangu walitazame kundi lile la vipeperushi. Maana sisi kila mwaka, Siku hizi 16 zikifika, tunagawa nini? Fulana na vipeperushi.

Msiseme hayo ni ya wazungu wenye vyuo. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wasichana wa shule walifundishwa kujihami kwa sauti na kwa mwili, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ukawafuatilia karibu 2,000. Zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema kwamba ndani ya mwaka uliofuata walitumia walichofundishwa kuzuia shambulio. Hao ni watoto wanaokula ugali kama wetu, waliofundishwa kuwaamkia wakubwa kama wetu.

Nami nilijaribu. Mwaka juzi niliomba darasa katika shule moja ya sekondari, mabinti 38, Jumamosi asubuhi. Nikawaambia neno la leo ni moja tu, "Hapana", na nataka lisikike hadi barabarani kwenye malori. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Mnajua kilichotoka? Kicheko kidogo na mnong'ono. Wengi walifunika midomo kwa viganja. Mmoja mstari wa mbele alilisema lile neno akitazama viatu vyake. Tulirudia saa nzima. Nikawafundisha kusimama kwanza, miguu ipanuke, kidevu kiinuke, sauti itoke tumboni kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mara ya kumi hivi, binti mmoja mwembamba wa nyuma kabisa akalitoa. Likagonga bati. Mlinzi akaja anakimbia na rungu. Wale mabinti wakageuka wote kumtazama mwenzao, na yule binti mwenyewe alikuwa ameshika koo lake kwa mshangao, kama mtu aliyekuta kitu ndani ya nyumba yake ambacho hakujua kuwa anacho.

Mzee wangu, huyo mtoto hajaharibika. Jumatatu yake alinipigia goti njiani kama kawaida.

Sasa nakuja kwenye sehemu ngumu, na ningeiacha ningekuwa nimewadanganya. Nimesema kupambana kunasaidia. Mtu anaweza kutoka hapa akaenda kumwambia binti aliyebakwa: unaona, ungepambana. Akifanya hivyo, hotuba yangu yote imegeuka fimbo, na imempiga yuleyule.

Kule Stockholm iko kliniki ya dharura ya wanawake waliobakwa. Watafiti waliwauliza wanawake 298 waliofika pale ndani ya mwezi mmoja baada ya kutendwa: mwili wako ulifanya nini? Matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Asilimia 70 waliganda kwa kiasi kikubwa. Asilimia 48, karibu nusu ya wote, waliganda kwa kiwango cha juu kabisa. Kuganda maana yake akili iko macho, unaona, unasikia, lakini mkono hauinuki na sauti haitoki. Hukuamua. Mwili umeamua kabla yako.

Aliyefuga kuku ananielewa. Mkamate kuku, mlaze chali taratibu, mshikilie kifua kidogo, kisha mwachie. Halali usingizi, jicho liko wazi, lakini hatikisiki. Je, huyo kuku amekubali kuchinjwa? Ni hofu iliyozidi kipimo, na Mungu ameiweka katika viumbe wengi, na sisi tumo.

Na waliofuatiliwa baada ya miezi sita, wale walioganda ndio waliobaki na maumivu ya akili zaidi: ndoto mbaya, kushtuka, huzuni nzito. Nadhani sehemu ya mzigo ule ni swali, maana mtu akiganda hujiuliza mwenyewe usiku na mchana "kwa nini sikufanya kitu?" Halafu anakuja muuguzi, anakuja mjumbe, anakuja mchungaji, kila mmoja anamuuliza lilelile.

Sheria yetu imelijua hili kuliko sisi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, kama kilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inasema wazi kwamba ushahidi wa ukinzani, kama vile majeraha mwilini, si lazima ili kuthibitisha kwamba hapakuwa na ridhaa. Imeandikwa. Ina zaidi ya miaka 25. Na Mahakama ya Rufani, ikiwa imeketi hapahapa Mbeya, ilisema kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyetendwa mwenyewe. Kwa binti aliye chini ya miaka 18 na hajaolewa, ridhaa hata haiulizwi. Kwa hiyo mjumbe anayesema "hana mchubuko, hakuna kesi" anatunga sheria yake mwenyewe. Na upande wa pili, aliyepambana naye asitishwe kwamba atafungwa yeye: vifungu vya kujitetea vya Kanuni hiyohiyo vinataja kitendo cha kutaka kubaka kwa jina lake, miongoni mwa mambo ambayo mtu ana haki ya kujihami dhidi yake hata ikibidi kwa nguvu kubwa.

Mtoto wa miaka minane sitamfundisha kupigana na mtu mzima. Huyo anahitaji mtu mzima mwingine. Na hapa nataka kusema na majirani.

Mtu akipiga yowe la mwizi Mwanjelwa saa nane za usiku, mtaa mzima unatoka, wengine hawajavaa hata viatu. Akipiga yowe mwanamke, tunageukia ukutani. "Mambo ya ndani hayo." "Mume na mke hao." Yowe la mwanamke linamsaidia kwa sababu mbili: linamtisha mshambuliaji, na linaleta watu. Hiyo ya pili haiko mikononi mwa binti. Iko mikononi mwako wewe uliye kitandani unasikiliza. Naweza kumfundisha sauti inayogonga bati, lakini kama nyumba kumi zinaisikia na hakuna komeo linalofunguliwa, nimemfundisha bure. Niliwaambia wenyeviti wa mitaa na narudia: wekeni makubaliano kwenye mkutano wa mtaa kwamba yowe lolote ni yowe. Ukikuta ni ugomvi wa kawaida, umepoteza dakika tano za usingizi.

Yakishatokea, muda unakwenda mbio. Afike kituo cha afya mapema iwezekanavyo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Vidonge vya kuzuia mimba navyo haviwezi kungoja kikao cha ukoo. Asioge kwanza, ingawa najua kila kiungo kinamwambia aoge. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana kwenye plastiki zinaoza na ushahidi unakwenda nazo. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja ili mtu asisimulie mara tano. Kwa mtoto, pigeni 116, haina malipo. Katika ule utafiti wa mwaka 2009, wasichana waliomwambia mtu yeyote yaliyowapata walikuwa kama nusu tu. Ukiona amekuja kwako, ujue amekuchagua.

Na ukiwa wewe ndiye aliyechaguliwa, muulize: umeumia wapi? Unataka nani akae nawe? Uko salama pale unapolala leo? Hayo matatu yanatosha kwa saa ya kwanza.

Yule binti wa sweta sasa ni mama wa watoto wawili. Tulikutana Sokomatola miaka michache iliyopita, ananunua viazi. Nilimwomba radhi mbele ya mizani, muuza viazi anasubiri. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza kama bado nafundisha mabinti, na kama mtoto wa miaka 12 nampokea.

Darasa linaanza Jumamosi hii saa tatu asubuhi, katika ukumbi huuhuu, na litakuwa la Jumamosi nne. Mabinti wavae suruali za michezo chini ya sketi. Nafasi ni 40. Nahitaji pia akina baba wawili wa kujitolea wavae mito kifuani, wakubali kusukumwa na kufokewa na watoto wa watu bila kucheka. Daftari la majina liko pale mlangoni kwa Mwalimu. Upande wa kushoto waandikwe mabinti, na upande wa kulia, mzee wangu uliyeniuliza swali, nimeshaliacha wazi kwa ajili yako.